Sauti Ifike Hadi Benchi la Nyuma

(Hotuba ya Kamati ya Elimu ya chama kikuu, iliyosomwa Nyamongo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Tumepewa heshima kubwa ya kusema mbele yenu siku hii ambayo chama chetu kikuu chatimiza umri wa miaka kumi. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa na mahindi, za maghala na mizani, za mbolea na mikopo. Sisi wa Kamati ya Elimu tumechagua jambo lisilopimwa kwa kilo wala kufungwa katika gunia, nalo ni sauti ya msemaji katika ukumbi wa mkutano. Imeletwa hoja kwamba chama kinunue vyombo vya sauti vya namna mpya, vile ambavyo hujirekebisha vyenyewe kulingana na chumba vilimowekwa. Kabla ya wajumbe kuinua mikono juu ya hoja hiyo, ni haki yao kujua vyombo hivyo hufanya nini, haviwezi kufanya nini, na ni lipi linalopasa kutangulizwa.

KURA YA ASIYESIKIA

Huenda mtu akasema, "Sisi ni wakulima, spika ni mambo ya harusi na ya vijana wa muziki." Twamwomba afikiri mara ya pili. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Humo husomwa hesabu zilizokaguliwa, hupitishwa makisio ya mapato na matumizi, huwekwa ukomo wa madeni, huchaguliwa bodi. Mwanachama mmoja ana kura moja, awe na ekari moja au ekari ishirini. Desturi hiyo imeshikwa na wanaushirika duniani tangu wale waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844. Lakini kura hutanguliwa na sikio. Mtu ainuaye mkono kwa kuwa jirani yake ameinua, hakupiga kura. Ameazima kura ya mwenziwe.

Tena lugha yetu ya Kiswahili ina mitego yake. Neno "mapato" na neno "makato" hutofautiana kwa herufi moja tu. "Sita" na "tisa" zina herufi zile zile nne, ila konsonanti zimebadilishana mahali. Bei ya shilingi mia sita kwa kilo si bei ya shilingi mia tisa. Tofauti ni shilingi mia tatu, na kwa mkulima mwenye kilo elfu moja ni shilingi laki tatu.

Sasa yafaa tujue kwamba nguvu ya sauti ya mwanadamu imo zaidi katika irabu, yaani a, e, i, o na u, ambazo ni nene na ndefu. Maana ya maneno imo zaidi katika konsonanti, kama s, t, k na p, ambazo ni nyembamba, fupi na dhaifu. Katika ukumbi mbaya irabu hubaki zikivuma, nazo konsonanti hufunikwa. Aliye nyuma husikia wimbo pasipo maneno: "a-a-o", "i-a". Ajua kwamba Mweka Hazina anasema, hajui asemalo. Je, ni mapato yaliyoongezeka, ama ni makato? Na hapa Nyamongo hasa, ambako wananchi wamekaa katika mikutano mingi ya ardhi, tathmini na fidia, kila mtu aujua uzito wa neno lililosikiwa nusu.

UWANJANI NA NDANI YA NYUMBA

Wazee wetu Wakurya walikutana, na hata leo hukutana, katika iritongo, yaani mkutano wa hadhara wa jamii, mahali pa wazi. Huko nje sauti haina ukuta wa kuirudisha. Hutoka kinywani ikaenda zake, na kila umbali unapoongezeka maradufu hupungua kwa desibeli 6. Msikilizaji wa mbali husikia kidogo, lakini kile kidogo asikiacho ni safi. Dawa yake ni rahisi: watu wakaribiane, mmoja aseme na wengine wanyamaze, ama sauti ikuzwe kwa mtambo. Ndivyo walivyofanya Peter Jensen na Edwin Pridham huko San Diego, Marekani, mwaka 1919, walipofunga vipaza sauti vyao uwanjani na Rais Woodrow Wilson akasikiwa na watu wapatao 50,000.

Ndani ya nyumba mambo ni mengine. Kumbi zetu, hapa Nyamongo na kwingineko Tarime na Serengeti, aghalabu zina kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji, na paa la bati lisilo na dari. Vitu hivyo vyote ni vigumu. Sauti ikivigonga haiingii ndani yake. Hurudi, kama mpira uliotupwa ukutani. Hurudi kutoka kuta za ubavuni, kutoka batini na kutoka sakafuni, ikapishana na maneno mapya yanayotoka kinywani mwa msemaji. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ile iliyorudi ikilifikia sikio kabla ya moja ya ishirini ya sekunde kupita, sikio huiunganisha na ile ya kwanza na hata kunufaika nayo. Ikichelewa zaidi ya hapo huwa msumbufu. Na katika moja ya ishirini ya sekunde sauti haiendi zaidi ya mita 17. Hivyo ukumbi wetu wa kawaida una nafasi tele ya kuleta usumbufu huo.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wakiambiwa kwamba nyuma hakusikiki, hufungulia sauti zaidi. Lakini anayeongeza sauti huongeza na mvumo wake kwa kipimo kile kile. Ni sawa na mtu aongezaye kuni mbichi jikoni ili apunguze moshi.

HESABU YA MADIRISHA

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg. Ukumbi ulipendeza macho, lakini haukufaa kwa mafundisho, kwa sababu neno moja lilidumu hewani muda wa sekunde 5 na nusu hivi. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, aliombwa atafute dawa. Alifanya kazi usiku, wakati mji umetulia, akiwa na filimbi ya kinanda na saa ya kupimia. Alichukua mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akaingiza michache, akapima. Akaongeza mingine, akapima tena. Kabla ya kupambazuka mito ilirudishwa mahali pake. Aliona kwamba hata nguo alizovaa yeye mwenyewe zilibadili vipimo. Maarifa aliyoyapata ndiyo yaliyotumiwa kujenga ukumbi mkubwa wa muziki wa mji wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900.

Sabine alitumia kipimo ambacho mkulima yeyote aweza kukielewa, nacho ni dirisha lililo wazi. Sauti ikifika dirishani hairudi tena, imekwenda zake. Basi mita moja ya mraba ya dirisha wazi humeza sauti yote iifikiayo, na kila kitu kingine chaweza kulinganishwa nayo. Ukuta wa lipu humeza kidogo mno, yaani sehemu mbili au tatu tu katika mia. Mtu mzima aliyeketi na nguo zake humeza karibu sawa na nusu mita ya mraba ya dirisha wazi.

Tuchukue mfano. Ukumbi wenye urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kimo cha mita 4 una mita za ujazo 800. Kanuni ya Sabine yasema hivi: zidisha ujazo kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya umezaji wa ukumbi. Jibu ni idadi ya sekunde ambazo sauti hudumu hadi ibaki sehemu moja katika milioni. Nyuso zote za ukumbi huo, yaani kuta, sakafu na paa, ni mita za mraba 640. Ukiwa mtupu na madirisha yamefungwa, umezaji wake ni kama mita 19 tu, na jibu ni karibu sekunde 7. Tufungue madirisha yenye eneo la mita za mraba 20. Jibu hushuka hadi sekunde 3 na kitu. Sasa waingie wanachama 200 waketi. Jibu hushuka hadi sekunde 1 hivi. Tukikumbuka kwamba msemaji hutamka silabi nne au tano kwa sekunde, twaona jinsi maneno yanavyorundikana katika hali ile ya kwanza na jinsi yanavyopumua katika hali hii ya mwisho.

Ndugu wajumbe, hesabu hii yatufundisha mambo mawili. Kwanza, ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa si ukumbi mmoja. Fundi ajaye jioni ya kuamkia mkutano, akasema "halo, halo, moja, mbili" mbele ya viti vitupu, ametengeneza vyombo kwa ajili ya viti. Pili, na hili ni tamu kwa wanaushirika, wanachama wenyewe ndio dawa ya kwanza ya ukumbi. Mkutano uliohudhuriwa na wengi husikika vizuri kuliko uliohudhuriwa na wachache, mradi watu wanyamaze mwenzao anaposema.

MTAMBO USIKILIZAO CHUMBA

Mpigaji wa iritungu, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, haanzi kupiga mara tu anapoketi. Huinamisha sikio, hugusa uzi mmoja mmoja, hukaza uliolegea na kulegeza uliokazwa mno. Nyuzi alizozikaza jana huzijaribu upya leo. Vyombo vipya vya sauti hufanya kazi ya namna hiyo, ila badala ya sikio la mzee vina mikrofoni, na badala ya vidole vyake vina kompyuta ndogo ndani yake.

Kazi yenyewe huenda hivi. Spika hutoa mlio unaojulikana. Ama ni mlio mmoja upandao polepole kutoka unene hadi wembamba kabisa, ama ni mvumo kama wa mvua ya mbali ambamo milio yote imo pamoja. Mikrofoni ya kupimia, ikihamishwa mahali mbalimbali ukumbini, husikiliza kilichofika. Kompyuta hulinganisha kilichotumwa na kilichopokewa, kama karani alinganishavyo uzito uliotoka katika chama cha msingi na uzito uliofika ghala kuu. Ikiona kwamba chumba kimezidisha mlio fulani, huupunguza mlio huo. Ikiona kwamba mwingine umefifia, huuongeza kwa kiasi. Zamani kazi hiyo ilimtaka mtaalamu na muda mrefu. Katika miaka ya 1960, huko Texas, Marekani, Profesa C. P. Boner alikuwa akitafuta mmoja mmoja milio ambayo ukumbi huishikilia, kisha kila mmoja huufungia chujio lake jembamba. Leo mtambo hufanya kazi ya jinsi hiyo kwa dakika chache.

Kazi ya pili ni ya ukumbi mrefu. Mara nyingi huongezwa spika katikati ili walio nyuma wasikie. Lakini katika waya sauti hufika papo hapo, na katika hewa hutembea. Kwa hiyo mtu wa nyuma husikia kwanza spika iliyo karibu naye, kisha baada ya kitambo ile ya mbele, na kila neno humjia mara mbili. Ikiwa spika hizo zimetengana mita 17, ile ya karibu naye yapasa kucheleweshwa kwa moja ya ishirini ya sekunde. Mtambo hupima muda ambao mlio umetumia njiani, ukaweka ucheleweshaji huo wenyewe.

Kazi ya tatu ni kuzuia mluzi. Sote twaujua ule mluzi mkali ambao huwafanya akina mama wazibe masikio ya watoto wao. Hutokea sauti ya spika inapoingia tena katika mikrofoni, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, kama deni linalolipwa kwa deni jingine. Katika nchi nyingi huitwa kwa jina la Søren Larsen, mwanafizikia wa Denmark aliyeuchunguza. Mtambo mpya huusikia mluzi unapoanza kuchipua, ukaukata mlio huo mmoja na kuiacha mingine ipite.

Kazi ya nne yahusu meza kuu. Kila idadi ya mikrofoni zilizo wazi inapoongezeka maradufu, hupotea desibeli 3 za nguvu ambazo zingetumika kabla ya mluzi kuanza. Mikrofoni nne zikiachwa wazi hali anasema mtu mmoja, desibeli 6 zimepotea bure. Katika miaka ya 1970 Dan Dugan wa San Francisco alibuni kichanganyio cha sauti kinachompa nafasi yule anayesema na kuwapunguza wanaonyamaza. Twaongeza kwa heshima kwamba, hata bila kifaa hicho, wakubwa wetu wa meza kuu waweza kuzima mikrofoni zao wanapokuwa hawasemi. Katika Bunge letu kule Dodoma kila mbunge ana kipaza sauti kwenye kiti chake, naye hukiwasha apewapo nafasi. Nidhamu hiyo haina bei.

MAMBO AMBAYO MTAMBO HAUYAWEZI

Baada ya kuusifu mtambo, haki yataka tueleze na mipaka yake, maana muuzaji ana haraka ya kusifu kuliko kueleza.

Mtambo hubadili kile kinachotoka katika spika. Ukuta waubakiza kama ulivyo. Neno likishatoka ni mali ya chumba. Ikiwa chumba huliweka hewani sekunde 3, hakuna mtambo wa spika utakaolirudisha. Waweza kupunguza milio minene inayovuma kupita kiasi, na nafuu hiyo ni kubwa, lakini dawa ya mvumo wenyewe imo katika kuta, dari, madirisha na watu.

Tena, sauti haiko sawa kila mahali ukumbini. Mahali pamoja mlio mnene hujaa, na hatua mbili kando hufifia. Mtambo ukipimwa kwenye kiti kimoja tu, utakitengenezea kiti hicho na pengine kuviharibu vingine. Kwa hiyo vipimo huchukuliwa mahali pengi, na mtambo hutafuta njia ya kati. Jambo la kuangalia ni mahali hapo ni wapi. Mafundi wengi hupima karibu na meza kuu, kwa kuwa ndipo penye umeme na ndipo penye wakubwa. Twasema wazi kwamba kipimo cha chama cha ushirika kianze kwenye benchi la nyuma kabisa, na pembeni karibu na mlango, wanakoketi mama wenye watoto wachanga na watu waliotembea mwendo mrefu wakachelewa kufika.

Kisha iko mvua. Mvua kubwa ikipiga juu ya bati tupu, msemaji hana mshindani mkali kuliko huyo. Ili maneno yaeleweke vizuri yapasa kuzizidi kelele kwa desibeli 15 hivi. Iko mitambo inayopandisha sauti yenyewe kadiri kelele inavyopanda, nayo husaidia kwa mvua ndogo, kwa malori yapitayo barabarani, na kwa ngurumo za mitambo ambazo mgodi wa North Mara ulizileta katika eneo hili ulipoanza uzalishaji mwaka 2002. Lakini spika ina kikomo, na sikio pia lina kikomo. Mvua ya masika ikishuka, busara ni Mwenyekiti kuusimamisha mkutano kwa muda, na hasa asipitishe hesabu wakati huo.

Mwisho, mtambo haumfundishi msomaji kusoma. Taarifa isomwayo mbio, uso umeinamia karatasi, haitaeleweka hata ikikuzwa kwa ustadi wa namna gani. Wala mtambo haumtafsirii mzee asiyekiweza Kiswahili vizuri. Kazi hiyo ni ya mkalimani wa Kikurya au Kijaluo, naye apewe mikrofoni yake na wakati wake.

CHUMBA KWANZA, MTAMBO BAADAYE

Basi ushauri wa Kamati ni kwamba tutengeneze chumba kwanza. Gharama yake hugawanyika, na kazi nyingine twaweza kuifanya kwa mikono yetu. Dari chini ya bati hupunguza kelele za mvua na pia joto. Ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na msemaji, ndio unaorudisha sauti kwa ubaya zaidi, kwa hiyo uanze kufunikwa. Mapazia mazito yenye mikunjo hufaa, na mikeka minene ya mafunjo yaweza kusaidia pia. Vyote vikiachwa na nafasi ya upana wa kiganja kati yake na ukuta, humeza zaidi kuliko vikibandikwa. Kitu chembamba humeza milio myembamba peke yake. Milio minene hutaka unene. Twawaonya pia juu ya zile trei za mayai ambazo vijana hubandika kutani. Hazimezi kitu cha maana, na hushika moto upesi. Vitu vyote vikavu viwekwe mbali na nyaya za umeme.

Pili, spika zikae mahali pake. Ziinuliwe juu ya vichwa vya watu na kuelekezwa kwa watu, wala zisielekezwe kutani au batini. Mikrofoni ikae nyuma ya mstari wa spika, isije ikatazamana nazo. Msemaji akaribie mikrofoni; akipunguza umbali kwa nusu, hupata desibeli 6 bila kugusa kitasa chochote.

Tatu, ukumbi ujaribiwe kwa maneno, maana mwisho wa yote twataka maneno. Jaribio hili halihitaji mashine. Andikeni orodha ya maneno ishirini na kuyachanganya: sita, tisa, mapato, makato, na mengine yanayofanana. Mtu mmoja ayasome kwa mwendo wa kawaida kutoka meza kuu. Wanachama watano walioketi benchi la nyuma waandike wanayoyasikia. Kisha karatasi zao zilinganishwe na orodha. Waliopata yote waonyesha kwamba ukumbi umefaulu; waliokosea watano katika ishirini waonyesha kwamba robo ya maneno yetu hupotea njiani. Hakuna mnunuzi wa kahawa ambaye angekubali kupoteza robo ya gunia. Jaribio hili lifanywe watu wakiwa wamekwisha kujaa, kabla ya ajenda ya kwanza. Halitachukua dakika kumi.

Na kama chama kitaamua kununua vyombo vinavyojirekebisha, twapendekeza kwamba visinunuliwe kwa kutazama karatasi ya muuzaji. Muuzaji alete vyombo vyake katika ukumbi wetu, siku ya mkutano, watu wakiwamo, na jaribio hilo la maneno ishirini lifanywe mara mbili, mara moja kwa vyombo vya zamani na mara ya pili kwa vipya. Benchi la nyuma ndilo litakalotoa hukumu. Tena vijana wawili wa chama wafundishwe kuvitumia, mmoja awe msichana, ili maarifa yasiondoke na mtu mmoja.

Juu ya yote hayo, tarakimu zote za fedha zisomwe mara mbili na kuandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Sikio hukosea, na jicho hulisahihisha.

MIAKA INAYOKUJA

Bwana Mwenyekiti, wazee waliomo humu wakumbuka kwamba vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa mwaka 1976, na kwamba sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovifungulia mlango wa kurudi. Waliona jinsi ilivyo vigumu kujenga upya kilichobomolewa. Kuvunjwa kwa amri huonekana na watu wote, na siku yake hujulikana. Lakini chama chaweza pia kuvunjika kimya kimya, benchi moja moja, kuanzia nyuma. Watu wasiosikia huja wakanyamaza. Mwaka unaofuata huja wakasinzia. Mwaka wa tatu hawaji. Siku moja wajumbe hugutuka wakaona kwamba maamuzi yote yamebaki kwa benchi la mbele, wala hakuna aliyeyanyang'anya. Hapo hata viongozi waaminifu hushukiwa, kwa sababu hesabu iliyosomwa kwa haki lakini haikusikiwa haina tofauti, kwa aliye nyuma, na hesabu iliyofichwa.

Kwa hiyo twaomba hoja ya vyombo vya sauti ijadiliwe kama jambo la uongozi na la fedha pamoja. Twaomba dari na mapazia viingizwe katika makisio ya mwaka ujao, vyombo vifuate baada ya kujaribiwa mbele ya wanachama, na jaribio la benchi la nyuma liwe desturi ya kila mkutano mkuu, katika chama kikuu na katika kila chama cha msingi. Miaka kumi iliyopita tulihesabu magunia. Miaka kumi ijayo tuhesabu pia watu waliosikia.

Twaomba wale wa benchi la nyuma wawe wa kwanza kuuliza maswali.